Pindo la Alfajiri

Kosa lilitendeka siku ya Alhamisi, mchana kweupe, mbele ya wanawake sita wenye macho mazima, na hakuna aliyeliona. Walikuwa wamejaa sebuleni kwa Mama Pindo kama kawaida yao, wawili kwenye kochi, mmoja mlangoni, wengine popote palipobaki, maana chumba chenyewe kilikuwa kimemezwa na mapazia mawili ya jukwaa. Msidhani ni mapazia ya dirisha. Moja tu likitandazwa lilijaza sebule, likapanda kochi, likatoka nje na kulala barazani kama mgeni aliyekosa kitanda.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo mtaa ulimpa kwa sababu hakuna suruali wala gauni lililopita kona ile bila yeye kulikunja pindo. Mumewe walimwita Baba Kamba. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa kupanda juu kabisa nyuma ya jukwaa, katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, kwenye dungu la mbao lililo karibu na dari, na kutoka huko kushusha na kupandisha mapazia yaliyochorwa nyumba, msitu, barabara, mbingu. Pazia likichanika alilitia begani akaja nalo nyumbani. Ndoa yao ilikwenda hivyo: mke akishona, mume akining'iniza.

Mapazia ya Alhamisi ile yalikuwa na majina. Moja liliitwa Alfajiri, kitambaa chepesi kilichopakwa rangi ya asubuhi inayoanza. La pili liliitwa Soko, turubai nene lenye vibanda na watu waliochorwa wakibishana bei. Kila pazia la jukwaa hutiwa mnyororo ndani ya pindo la chini, ili lishuke limenyooka na lisipepee. Alfajiri lilikuwa na mnyororo mwembamba, kama ule wa kuning'inizia taa. Soko lilikuwa na mnyororo wa kufungia geti. Minyororo yote miwili ilikuwa ndani ya beseni moja, chini ya meza ya cherehani.

Mazungumzo yalikuwa juu ya Jumamosi. Binti wa nyumba ile, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa amepata mchumba, na upande wa kijana wote walikuwa wameridhika isipokuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho: shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utotoni. Shangazi huyo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na watu walisema humkagua mtu kama anavyokagua bati, kwa kuligonga asikie linavyolia. Mwezi uliopita alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza baba wa binti anafanya kazi gani hasa. Mama Pindo alijua jibu. Lakini ulimi hauna mfupa, na sebule ilikuwa imejaa, akajisikia akisema kwamba mume wake ndiye mkubwa wa jukwaa. Shangazi akatikisa kichwa taratibu. Akasema vizuri, basi siku moja tutakwenda kumwona.

Siku yenyewe ndiyo Jumamosi hiyo, onyesho la saa tisa alasiri.

Basi wanawake walikuwa wakimfunza. Mmoja alimwambia avae la kijani, mwingine akasema kijani kinamzeesha. Jirani wa ukuta mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu habari ikimfikia haikai, alisimama katikati ya Soko akaonyesha jinsi ya kuingia ukumbini: kidevu juu, mkoba mbele, usitazame vitu kama hujawahi kuviona. Kisha akauliza kwa sauti ya upole iliyojaa pilipili kwamba, jamani, huyu mkubwa wa jukwaa, mbona hata kwenye mabango ya ukumbi hayupo? Wakacheka wote, na Mama Pindo akacheka nao. Ni wakati huo alipotia mkono ndani ya beseni bila kutazama, akavuta mnyororo, akaupitisha ndani ya pindo la Alfajiri na kulishona kwa mshono wake maradufu. Uzito aliusikia mkononi. Alidhani ni uzito wa Jumamosi.

Soko alilishona baadaye, kwa mnyororo uliobaki, akalikunja na kulisukuma chumbani chini ya kitanda, maana halikuhitajika hadi mwezi ujao.

Baba Kamba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, pazia lolote linalopandishwa upya lazima alijaribu mara tatu peke yake kabla watu hawajaingia. Kila pazia limefungwa kamba inayopita juu kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, na kurudi dunguni kwake, na ubavuni mwa kamba kuna mfuko wa mchanga uliopimwa ulingane na pazia hilo, ili viwili hivyo vipokezane uzito. Mizani ikikaa sawa, mtu hushusha mbingu nzima kwa vidole viwili. Ya pili ilikuwa maneno tu, na nyumba nzima iliyajua kwa moyo: fundi wa jukwaa akionekana, ujue kuna kilichoharibika.

Asubuhi ya Jumamosi mkewe alimwomba avunje zote mbili. Hakujua kwamba ni mbili. Yeye aliomba moja. Alimwomba avae suti, na saa nane na nusu asimame mlango wa mbele wa ukumbi awapokee wageni kama mwenye nyumba. Mume akasema saa nane na nusu yuko na kamba zake, na mlango wa mbele una wenyewe.

"Siku moja tu, mume wangu," akasema Mama Pindo. "Siku moja uonekane."

Baba Kamba alikuwa na la kusema, lakini alimwona binti yake uani anapiga pasi gauni lile lile kwa mara ya tatu, akalimeza. Akalitia Alfajiri kwenye mkokoteni akaenda zake. Ukumbini mambo yalichelewa: mchoraji alitaka kuongeza rangi kidogo, rangi ikakataa kukauka. Pazia lilipokuwa tayari, saa ilikuwa imekwisha. Wakalipandisha watu watatu kwa pamoja, haraka haraka, na wakivuta watatu hakuna anayeusikia uzito. Wakafunga kamba kwenye kigingi. Baba Kamba akatazama saa, akatazama kamba, akashuka ngazi kwenda kuvaa suti.

Walifika watu tisa. Shangazi alikuja na kijana na ndugu wawili. Mama Pindo alikuja na binti, Redio, na majirani wengine wawili ambao hakuna aliyewaalika, lakini nyumba yenye shughuli haina mlango. Baba Kamba alikuwa amesimama pale juu ya ngazi kama alivyoambiwa, suti imemkaa vizuri, mikono haijui pa kwenda. Mama Pindo alipomwona alisahau hata kijani chake. Akajisemea moyoni: sasa gonga, Shangazi, usikie linavyolia.

Kabla salamu hazijafika mbali, dada mmoja wa tiketi, mgeni kazini, akamwendea Baba Kamba kwa adabu kabisa. Akamwambia, "Mzee, samahani. Mafundi hupitia mlango wa nyuma."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameambiwa hivyo na waliomwajiri, naye aliitambua sura tu, hakuitambua siku. Baba Kamba akasema kweli, binti yangu, asante kwa kunikumbusha. Akawaaga wageni, akashuka ngazi na suti yake, akazunguka jengo. Shangazi alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akazungusha fungu lake la funguo kidoleni, mara moja tu, na wakaingia.

Wakapewa vijitabu vya onyesho. Shangazi akavaa miwani akaanza kusoma kutoka juu, kidole kikishuka. Waigizaji, mmoja mmoja na picha zao. Wapiga muziki. Mtunzi. Mwenye kiwanda cha biskuti aliyechangia. Mwenye saluni aliyewasuka. Kidole kikafika chini ya ukurasa kikasimama. Redio, safu ya nyuma, alikuwa amejinyoosha shingo kama kuku anayevuka barabara.

"Simwoni," akasema Shangazi.

Mama Pindo akaegemea. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa, paliandikwa: na mafundi wote. Akayawekea maneno hayo kidole chake chenye alama za sindano.

"Huyu hapa," akasema.

Mchezo ulikuwa wa mwanamke aliyefungwa miaka mingi kwa kosa la mtu mwingine, akatoka, akakuta nyumba yake ina watu asiowajua. Ulikuwa mzuri. Hata Shangazi alisahau funguo zake. Nyumba zilikuja na kuondoka, barabara ikateremka mahali palipokuwa na ukuta, na hakuna mtu ukumbini aliyejiuliza vitu vile vinatoka wapi. Mama Pindo ndiye aliyejiuliza, mara moja kila pazia, na kila mara alijijibu kwa fahari ya siri: huyo ni wangu.

Mwisho wa mchezo mwigizaji mkuu hupiga magoti katikati ya jukwaa, mgongo umeelekea nyuma, anaimba peke yake, na Alfajiri hushuka nyuma ya kisogo chake, karibu kabisa, kiasi kwamba kitambaa humgusa nywele. Mama Pindo alilingoja pazia lake kama mtu anayengoja mtoto wake aitwe jina shuleni.

Lilianza kushuka. Kwanza lilishuka ghafla, kiasi cha urefu wa mkono, kisha likasimama hewani. Watu wakashusha pumzi wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Kisha likaendelea polepole, polepole sana kuliko lilivyowahi kushuka, kidole kwa kidole. Mwimbaji alijua muda wake umepita, lakini hakugeuka. Alirudia ubeti, mpiga filimbi akamfuata, na ule wekundu wa asubuhi ukawa unakuja nyuma yake kama asubuhi ya kweli inavyokuja kwa mtu aliyekesha. Mzee mmoja safu ya mbele alitoa leso. Binti akamshika mama yake mkono.

Mama Pindo hakuwa akiitazama asubuhi. Alikuwa akitazama chini, kwenye pindo. Pindo lilikuwa limeshuka tumbo katikati, mstari mzito uliojipinda kama kamba ya nguo yenye blanketi lililolowa. Pindo lake yeye huwa halipindi. Aliujua kila mshono wa pale, na sasa aliijua na sababu. Beseni likamjia mbele ya macho, na kicheko cha Redio, na mkono wake ukizama bila kutazama. Akahesabu moyoni: mnyororo wa geti upana mzima wa kitambaa, na upande wa pili mfuko wa mchanga uliopimwa kwa mnyororo wa taa. Uzito uliozidi hauendi mbinguni. Kuna mtu ameushika.

Pazia likagusa sakafu bila sauti. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Waigizaji wakatoka kuinama. Wakatoka wapiga muziki, mtunzi, hata mchoraji mwenye rangi kwenye sikio. Watu walisimama. Shangazi alisimama pia, akipiga makofi kwa mpangilio kama anayehesabu mabati, akitazama mlango wa pembeni mwa jukwaa.

"Na yeye atatoka lini?" akauliza.

"Yeye hatoki," akasema Mama Pindo.

Walirudi nyumbani wote, maana ndivyo ilivyopangwa: chai, kisha neno la Shangazi. Redio alikuwa ameshawaambia majirani wa njiani kwamba onyesho lilikuwa zuri sana ila baba hakuonekana, hivyo walipofika, sebule ilikuwa na watu wengi kuliko vikombe. Mama Pindo aliwakaribisha, akamwachia binti birika, akasema anakwenda kuvua viatu.

Chumbani alipiga magoti, akavuta Soko kutoka uvunguni na kulibonyeza pindo. Ndani yake palikuwa na kitu chembamba kama mkufu. Alikaa pale sakafuni na kile kipande cha turubai mkononi, akiwasikia wageni wakizungumzia sukari. Angeweza kunyamaza. Mume wake asingesema. Alikuwa mtu wa kuweka mambo juu, gizani, yamefungwa vizuri. Onyesho lilikwenda, watu walilia machozi matamu, hakuna aliyejua. Akasimama, akajipangusa magoti.

Baba Kamba aliingia jua likiwa bado juu ya mapaa. Suti alikuwa nayo bado, na mikono ndani ya mifuko ya koti. Akasalimia mlangoni, sauti yake ile ile ya chini. Watu wakampisha. Shangazi akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote siku ile, akanyoosha mkono.

Baba Kamba akainamisha kichwa. Mikono ikabaki mifukoni.

Mkono wa Shangazi ulibaki hewani. Ni muda mfupi, lakini sebule nzima ilipata nafasi ya kuutazama. Ndugu mmoja wa kijana akageuza uso. Binti alisimama na birika, mdomo wazi, machozi yakianza kumjia. Shangazi akaurudisha mkono wake taratibu akaufunga juu ya funguo zake.

"Sisi ni watu wa dukani," akasema. "Hatujui adabu za watu wa jukwaa."

Mama Pindo akapita katikati ya miguu ya watu mpaka akamfikia mume wake. Akamshika kiwiko. Baba Kamba akamtikisia kichwa, kidogo tu, kama kumwambia acha. Hakuacha. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, kisha wa kushoto, akaigeuza viganja juu mbele ya watu.

Ngozi ilikuwa imevuliwa kutoka chini ya vidole hadi kwenye vifundo vya mikono. Pale ambapo kamba ilipita palikuwa na mfereji mwekundu, na mwenzake wa dungu alikuwa amempaka mafuta na kufunga kitambaa cha pazia, ambacho kilikuwa kimelowa na kuteleza pembeni. Mafundi wale hawavai glavu. Husema glavu ni muongo, haikuambii pazia linataka nini.

"Alfajiri lililoshuka leo ni kazi yangu," akasema Mama Pindo. "Nilitia mnyororo wa geti mahali pa mnyororo wa taa. Nilikuwa nikipiga soga. Na leo saa ya kulijaribu pazia, nilimtaka huyu aje mlangoni avae suti, mpate kumwona. Alipofungua kamba ili alishushe, uzito wote ukamjia mikononi. Chini yake kulikuwa na mtu amepiga magoti hajui. Nyinyi mliona asubuhi inakuja polepole. Ilikuwa ikija polepole kwa sababu hakuiachia." Akamgeukia Shangazi. "Na nilikudanganya, Shangazi. Yeye si mkubwa wa jukwaa. Anavuta kamba."

Baba Kamba akaona aibu kuliko alivyoona maumivu. Akasema kwamba kamba hukatikia pembamba, lakini leo haikukatika, basi maneno yaishe, chai inapoa.

Shangazi hakusikia habari ya chai. Alikuwa ameshavaa miwani. Akaomba radhi, akakishika kile kiganja kwa ncha za vidole na kukisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kama anavyotazama bidhaa aliyoletewa na mtu asiyemwamini. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa na sugu za kupima kamba na nyaya, miaka yote ya duka.

Akamuuliza Mama Pindo mnyororo wenyewe una unene gani, na kitambaa kina upana gani. Alipojibiwa, alifumba macho akapiga hesabu, midomo ikichezacheza. Akafumbua.

"Zaidi ya kilo thelathini," akasema. "Juu ya kamba iliyokwisha kuanza kukimbia." Akamtazama Baba Kamba. "Ungeiachia ukajiokoa, nani angekulaumu?"

"Ningejua mimi," akasema Baba Kamba.

Shangazi akavua miwani. Akasema kwamba ameuza minyororo miaka thelathini, na kila siku kuna anayerudi dukani na mzigo uliokatika akisema kosa ni la mwenye duka. Wa kuja kusema kosa ni langu kabla hajaulizwa, tena mbele ya majirani wenye masikio kama haya, akamwangalia Redio, huyo alikuwa bado hajamwona. Akakaa, safari hii akaegemea kiti kizima. Akamwambia binti aache kulia, amimine chai, na amtilie baba yake kikombe chenye mkono mkubwa.

"Kesho mna onyesho?" akauliza.

Wakamwambia lipo, saa tisa.

"Na mikono hiyo, mkwe?"

Neno lile lilianguka katikati ya sebule. Binti akamwaga chai kwenye kisahani. Redio alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumapili asubuhi Mama Pindo alifumua pindo la Alfajiri kwenye sakafu ya jukwaa, akatoa mnyororo wa geti, akatia wa taa, akashona upya, mdomo umefungwa kama mkoba. Mwigizaji mkuu alikuja akachuchumaa karibu naye. Alisema jana alihisi upepo kisogoni na akajua kuna jambo, lakini akajua pia nani yuko juu, ndiyo maana hakugeuka. Kisha akaenda zake kupasha sauti.

Kuhusu mikono ya Baba Kamba hakukuwa na mjadala mrefu. Mwenzake wa dungu alikuwa na kamba zake za kushughulikia, na msimamizi wa jukwaa alitaka kulifuta Alfajiri, mwimbaji aimbe mbele ya ukuta mtupu. Baba Kamba akasema mizani ikiwa sawa, pazia lile hata fundi cherehani atalishusha. Alisema kama mzaha. Mama Pindo akavua viatu akaanza kupanda ngazi.

Miaka ishirini na minne, hakuwa amefika kule. Aliyakuta makapi yamepangwa darini kama ndege waliolala, na mifuko ya mchanga inaning'inia, na chini yake jukwaa dogo kama sinia. Mbele ya dungu palikuwa na boriti ndefu yenye vigingi ishirini na viwili, kila kigingi na kamba yake, na juu ya kila kimoja jina kwa chaki. Mafundi wale hawazipi kamba nambari, huzipa ndugu. Ya nne ilikuwa Mjomba, kwa kuwa huchelewa. Ya saba ilikuwa Shangazi, kwa kuwa hulia kwanza kabla ya kukubali, na Mama Pindo alipoisoma akaziba mdomo kwa kiganja. Akaenda mpaka kumi na moja, kamba ya Alfajiri. Chaki ilikuwa imeandikwa ikafutika ikaandikwa tena, miaka juu ya miaka: Mama Pindo.

Akamtazama mumewe, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la misumari na mikono yake imefungwa mikubwa kama maandazi.

"Hii inasema sana," akasema Baba Kamba. Kisha, akitazama pembeni: "Haijawahi kunikatikia."

Alimfundisha. Alimfanya ajaribu kulishusha pazia mara tatu, ukumbi ukiwa mtupu, na mara ya tatu Mama Pindo alisikia kitu alichoshonea miaka yote bila kukisikia: pazia na mchanga vikitulizana, kamba ikikaa mkononi mwake bila kumvuta wala kumsukuma. Huko chini milango ikafunguliwa. Watu wakaingia na kelele zao, na sauti ya Redio ilijulikana hata kutoka darini.

Mchezo ukaenda. Mwimbaji akapiga magoti. Taa nyekundu ndogo ikawaka mbele ya kigingi cha kumi na moja, maana yake jiandae, na Mama Pindo akaifungua kamba.

"Usilivute," mumewe akamnong'oneza. "Liombe."

Taa ya kijani. Akaliomba. Kamba ikapita katikati ya vidole vyake kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, na Alfajiri likaanza kwenda chini, limenyooka, pindo kama mstari wa rula. Halikuwahi wala halikuchelewa. Liligusa sakafu pamoja na neno la mwisho la wimbo.

Ndipo, kabla taa hazijazimwa, kabla mwigizaji hajainuka, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angepaswa kupiga makofi, mtu mmoja akapiga. Yalikuwa makofi mazito, ya mpangilio, kama ya mtu anayehesabu mabati, na pamoja nayo mlio wa funguo. Yalipigwa peke yake mara tano, sita. Mwigizaji, kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote, akageuza shingo akalitazama pazia. Kisha Redio akadaka, kisha safu nzima, kisha ukumbi, watu wakipiga bila kujua wanapiga nini, nyuso zimeinuka kulitazama lile pindo.

Juu dunguni Mama Pindo aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Wametuona," akasema.

Baba Kamba alisikiliza kidogo, kichwa upande, kama anavyosikiliza kapi jipya.

"Basi leo tumeharibu," akasema. "Funga kamba."